Geji Haijashuka

Tahsin alinifungulia mlango akiwa amevaa koti na kofia ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alitazama juu ya bega langu, kwenye ngazi.

"Fundi yuko wapi?"

"Ni mimi," nikasema.

"Bwana Bahri siku hizi anatuma mabinti?"

"Anaye mmoja tu."

Mkewe, Nurcihan, akacheka jikoni. "Mpishe apite, Tahsin. Wale wanaume wawili wa mwanzo walifanya nini? Waliongeza maji, wakanywa chai, wakaisifu chai, wakaenda zao."

Nilivua viatu nikavaa ndara za wageni. Ilikuwa Januari, na asubuhi ile Erzurum ilikuwa nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri. Vioo vya madirisha vilikuwa vimeshika barafu upande wa ndani. Mashine ya joto ilikuwa imetundikwa ukutani jikoni, imezima, na mshale wa geji yake ya presha umelala kwenye sifuri.

Tatizo lenyewe ni rahisi kulieleza. Maji yanayopasha nyumba joto hayanywewi wala hayaogewi. Yanazunguka tu, yanatoka kwenye mashine, yanapita kwenye rejeta, zile paneli za chuma zinazopasha kila chumba, yanarudi. Hayapungui. Ukiyajaza mpaka presha ikasimama kwenye moja na nusu, unaweza kusahau geji mwaka mzima. Presha ikishuka sana, mashine inajizima yenyewe isije ikaungua. Kwa hiyo presha ikipotea, maji yanakwenda mahali, na kazi yangu ni kujua wapi.

"Nikiijaza asubuhi nikitoka kazini, jioni iko sifuri," Tahsin alisema. Alikuwa dereva wa gari la kusukuma theluji. Usiku kucha alikuwa barabarani, mchana alilala. Macho yake yalikuwa mekundu. "Wiki ya tatu hii. Mimi nilidhani mama anaichezea."

"Mama yako haifikii hata kwa stuli," Nurcihan akasema.

"Mama alifikia jiko, si ndiyo?"

Kwenye mlango wa friji, chini ya sumaku, palikuwa na karatasi yenye mhuri. Niliisoma bila kutaka, kwa sababu ilikuwa usawa wa macho yangu. Ilikuwa fomu ya kumpokea mzee katika nyumba ya kutunzia wazee. Jina lilikuwa limeshajazwa: Makbule. Sahihi ilikuwa bado.

Tahsin aliona ninapotazama. "Mwezi wa kumi alisahau sufuria motoni. Moshi mpaka ghorofa ya tano. Mimi nimelala, mke wangu yuko kazini, anapika shuleni. Tukasema, hilo la kwanza tumelimeza. La pili tunampeleka." Akaishusha sauti. "Usinione mbaya, binti. Naogopa tu."

Sikumwona mbaya. Ila sikuweza kumwambia hivyo. Mimi si msemaji. Chuoni, mwalimu akiuliza, nilikuwa na jibu kichwani lakini nasubiri mwingine alitaje, kisha nafurahi kimoyomoyo kwamba lilikuwa sahihi.

Bibi Makbule alikuwa sebuleni, kwenye kochi, chini ya blanketi mbili, akinywa chai na donge la sukari kati ya meno. Alinitazama mikono.

"Mikono midogo," akasema. "Hii itafika pasipofika yao. Jina lako nani, mwanangu?"

"Gülizar, bibi."

"Haya, Gülizar, tutafutie maji yetu. Kijana wangu halali vizuri."

Nilianza na mashine. Nilipima kile kitangi chekundu cha ndani chenye puto la hewa, kile kinachoyapa maji nafasi ya kutanuka yakipata moto. Hewa yake ilikuwa sawa. Nilifunga mfuko wa plastiki kwenye bomba la usalama linalotokeza nje ya ukuta, ili presha ikizidi na maji yakamwagika niyaone. Nilipita chumba hadi chumba nikipapasa kila kiungo cha rejeta kwa karatasi ya chooni, ambayo hulowa hata kwa tone ambalo jicho halilioni. Karatasi ilibaki kavu. Niliteremka kwa jirani wa ghorofa ya pili nikaomba kuona dari yake. Ilikuwa kavu, nyeupe, haina hata doa.

Mwisho nikaijaza mashine, nikaiacha ipashe nyumba, kisha saa sita mchana nikafunga vali mbili zilizo chini yake ili kuitenga na rejeta. Nikakaa saa mbili na Nurcihan, tukila mkate na jibini, naye akinieleza jinsi wapishi wa shule wanavyoibiana vijiko. Mshale haukusogea. Nilipofungua vali, ukaanguka palepale mpaka chini ya moja.

Maana yake mashine ilikuwa nzima. Maji yalikuwa yamepotea upande wa rejeta, ndani ya saa zile mbili. Na mfuko wa plastiki ulikuwa mtupu.

Nilimpigia Bwana Bahri. Akasema nilichojua atasema. "Bomba za sakafuni hizo. Mwambie Jumatano tunakuja na mashine ya kuvunjia."

"Dari ya chini ni kavu, bosi."

"Dari ya chini haijui kitu. Maji yana akili yake. Mwambie Jumatano."

Nilimwambia Tahsin. Alikaa kwenye stuli ya jikoni, akavua kofia kwa mara ya kwanza. "Mvunje sakafu, Januari? Tukae wapi?"

"Nipe siku moja," nikasema, na nilishangaa kuisikia sauti yangu. "Dada Nurcihan, kila ukiingia jikoni kesho, piga picha ya geji unitumie."

"Siku nzima? Bwanangu atadhani nina mchumba."

"Mwambie anaitwa Geji," Tahsin akasema, na wote wawili walicheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka.

Kesho yake pia ilikuwa siku ya mapumziko ya Nurcihan. Alinitumia picha kumi na tisa. Nilikaa nazo dukani kwa Bwana Bahri, simu juu ya meza, nikizipanga. Bomba linalovuja huvuja muda wote, kidogo kidogo, na mshale hushuka kama kivuli. Huu haukushuka hivyo. Ulikaa mahali pamoja kwa saa nyingi, kisha ukaruka chini. Ukakaa tena. Ukaruka. Mara ya kwanza ilikuwa kabla ya picha ya alfajiri. Ya pili baada ya saa sita mchana. Nilikuwa bado ninaitazama ya tatu pale adhana ya magharibi ilipoanza msikitini kando ya duka, na Bwana Bahri akanyanyuka, akakunja mikono ya shati, akaenda nyuma kutawadha.

Nilimsikia akifungua bomba. Nikazitazama tena picha: alfajiri, adhuhuri, alasiri.

Jumatano nilifika mapema, kabla ya mafundi wa kuvunja. Tahsin alikuwa ametoka kazini amelala. Nurcihan alikuwa shuleni. Bibi Makbule alinifungulia mwenyewe, akaweka kidole mdomoni.

"Polepole. Ndiyo kwanza amefumba macho."

Niliuliza kama naweza kuona rejeta ya chumbani kwake. Nilikuwa nimeshaiona juzi, lakini nilitazama viungo tu, pale panapovuja. Sikutazama ile skrubu ndogo ya pembeni juu, ya kutolea hewa. Za vyumba vingine zilikuwa zimepakwa rangi na vumbi. Ya kwake iling'aa kama pete. Nyuma ya pazia, kwenye msumari, ulining'inia ufunguo wake mdogo wa shaba, na chini ya kitanda kulikuwa na birika la bati lenye mdomo mrefu.

Alikuwa amesimama mlangoni. Nikaona mikono ya gauni lake, kwenye pindo. Ilikuwa na rangi ya kijivu, rangi ile ya maji ya rejeta yaliyokaa na chuma miaka, ambayo sabuni haiitoi. Juzi niliiona nikadhani ni majivu.

"Bibi," nikasema.

"Umeona," akasema yeye, akaketi kitandani. Hakuonekana kama mtu aliyefumaniwa. Alionekana kama mtu aliyengoja kuulizwa. "Kaa hapa. Kijijini tulikuwa na jiko la kuni lenye tangi ubavuni. Moto ukiwaka, maji ya tangi yanapata moto, huna haja ya kuyachemsha. Ukichota birika moja la udhu, unarudisha birika moja la baridi. Miaka hamsini nimefanya hivyo, ya mume wangu kwanza, kisha yangu. Hapa siruhusiwi kugusa gesi. Birika la umeme wameliweka juu ya kabati. Sawa, nina kosa langu la sufuria, sikatai."

"Lakini bomba la maji ya moto lipo, bibi. Bafuni."

"Lipo. Ukilifungua, ile mashine inanguruma kama trekta, na ukuta wake ndio ukuta wa kichwa cha Tahsin. Mara ya kwanza aliamka. Mara ya pili aliamka. Hakunisema. Alitoka tu akakaa jikoni, ameshika kichwa. Mtu anaendesha gari usiku kwenye barafu, mwanangu. Akisinzia?" Aligusa rejeta kwa kiganja. "Haya yamo humu tayari. Yameshapata moto. Yanazunguka bure. Fundi mmoja alikuja kutoa hewa, nikaona yanavyotoka, kama uzi. Birika langu ni dogo. Nikajiuliza jambo moja tu, na hilo ningependa uniambie wewe uliyesoma. Yale ya baridi ninayarudishia wapi?"

Nilimweleza. Nilimweleza habari za presha, na mashine kujizima, na kwamba leo watu wanakuja kuvunja sakafu. Alinisikiliza mpaka mwisho, na uso wake ukawa mdogo.

"Ni mimi ninayewatia baridi," akasema.

"Hukujua, bibi."

"Basi hili ni la pili." Alitazama ukutani, upande aliolala mwanawe. "La sufuria na hili. Ataitia sahihi ile karatasi."

Ilikuwa kweli. Nikamkumbusha kuhusu kutayamamu, kutawadha kwa udongo, kwamba dini ni nyepesi, kwamba mzee katika baridi kama hii ana ruhusa.

"Udongo ni wa asiye na maji," akasema. "Mimi maji ninayo." Kisha akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa na joto, kikavu, laini. "Usimwambie. Nami sitagusa rejeta tena. Chukua ufunguo."

"Utafungua maji ya moto bafuni? Ataamka kidogo, alale tena. Niahidi."

"Sawa, mwanangu. Chukua."

Nilibadilisha skrubu yake nikaweka mpya, nikaikaza, na ufunguo nikautia mfukoni. Nilijaza presha mpaka moja na nusu. Nilimpigia Bwana Bahri asije. Wakati ninafunga sanduku, Tahsin akatokea, nywele zimesimama.

"Vipi? Tunavunja?"

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi yangu. Maneno yalikuwa yamepangika. Mama yako ana akili timamu kuliko sisi sote. Anaogopa kukuamsha. Mfungulie maji ya moto wewe mwenyewe, au mpe birika la umeme, mwambie kelele haikusumbui. Hayakuwa maneno mengi. Bibi Makbule alikuwa nyuma yake, ameshika pindo za mikono ya gauni kwa vidole ili zisionekane.

"Ilikuwa skrubu ya kutolea hewa," nikasema. "Ya chumba cha mama. Ilikuwa inapitisha maji. Nimeweka mpya."

"Skrubu tu?"

"Skrubu tu."

Akamgeukia mama yake. "Na mimi nilikuwa nasema ni wewe."

"Umesema mangapi tangu uzaliwe," mama yake akamjibu. "Nenda kalale."

Niliteremka ngazi nikiwa mwepesi. Nilijiona nimefanya jambo jema bila kulazimika kuongea sana, na hayo kwangu ni mambo mawili mazuri kwa pamoja. Baada ya wiki Tahsin alimpigia Bwana Bahri kushukuru. Mshale haukuwa umesogea hata unywele. Bwana Bahri aliniambia mbele ya mafundi wengine, nami nikainamisha uso.

Wiki tatu baadaye aliniambia jambo jingine, akiwa anafuta mikono kwa tambara. "Yule mama yake Tahsin amefariki. Homa ya mapafu. Siku nne tu kitandani. Nenda wewe kwanza, walikupenda."

Nyumba ilikuwa imejaa. Wanaume sebuleni, wanawake chumbani kwa marehemu, na joto lilikuwa zuri mno kiasi kwamba wageni walivua sweta. Mwanamke mmoja aliegemea rejeta ile yenye skrubu yangu mpya, akasema, "Angalau ameondoka kwenye nyumba yenye joto."

Nilimkuta Nurcihan peke yake jikoni, akikoroga halua ya msiba. Alikuwa ameikoroga muda mrefu, mkono umechoka. Nilichukua mwiko.

"Gülizar," akasema. "Umekuja. Alikuwa akikutaja. Yule mwenye mikono midogo."

Niliendelea kukoroga.

"Alikuwa mkaidi," akasema. "Mwezi huu wote ametawadha kwa maji ya baridi. Maji haya yetu, unayajua, yanatoka mlimani, yanauma mifupa. Mara tano kwa siku. Nilimkuta mara mbili. Nikamwambia, mama, fungua ya moto. Akasema ya baridi yanamwamsha vizuri. Mikono ilipasuka mpaka damu. Nilimpaka mafuta, kesho yake anarudia." Akajifuta uso kwa kiwiko. "Ninachoshindwa kuelewa ni kwa nini mwezi huu. Kabla ya hapo mikono yake ilikuwa ya moto. Akinishika shavu baada ya sala nilikuwa naihisi. Kwa nini aanze mwezi huu?"

Kwenye friji sumaku ilikuwepo, karatasi haikuwepo. Aliona ninapotazama, kama mumewe siku ile.

"Tahsin aliichana. Siku uliyosema ni skrubu. Aliona haya kwamba alimdhania mama yake." Akanitazama. "Kwa hiyo amefia nyumbani. Hilo tunakushukuru."

Nilizima jiko, kwa sababu halua ilianza kushika chini. Kisha nikamwambia. Nilimwambia kila kitu, kuanzia birika chini ya kitanda, tangi la kijijini, na kichwa cha Tahsin upande wa pili wa ukuta. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyechukua ufunguo. Nilikuwa nao bado mfukoni mwa koti. Nikauweka mezani, kati ya sahani. Nilidhani sauti yangu itakwama, lakini ilitoka vizuri, moja kwa moja, kama ya mtu anayesoma maandishi ya mwingine.

Nurcihan hakupiga kelele. Aliutazama ufunguo.

"Ungesema siku ile," akasema, "tungempeleka."

"Labda."

"Na angekuwa hai."

Nilifunika sufuria ya halua.

"Au ungesema, na Tahsin angelia, akamchotea maji yeye mwenyewe. Namjua. Angefanya hivyo pia." Aliugeuza ufunguo kwa kidole. "Sasa hatutajua."

Alikwenda kwenye sinki. Alifungua bomba la moto mpaka mwisho, akaweka mikono yote miwili chini ya maji. Mashine ukutani ikashtuka, ikawaka, ikanguruma. Ilikuwa kubwa kweli, ile sauti. Vikombe vya chai vilitetema kwenye trei. Mazungumzo ya sebuleni yakakatika.

Tahsin akatokea mlangoni, ndevu hazijanyolewa. "Kuna nini?"

Nurcihan hakugeuka, na maji yalikuwa yanatoa mvuke kiasi kwamba sikuuona uso wake kwenye kioo cha dirisha.

Tahsin alingoja jibu. Lilipokosekana, aliinua macho kwenye mashine, kwa mazoea tu, kama mtu anavyotazama saa.

"Moja na nusu," akaniambia mimi, kwa heshima, kwa sababu nilikuwa mgeni na aliona lazima aniambie kitu. "Tangu siku ile, binti, haijashuka."